LAPTOPU NYEMBAMBA, BEGI TUPU: Mastaa wa Mjini na Ugonjwa wa Kununua Nusu Mashine

Kuna jamaa mmoja hapa Dar, mpiga video za harusi, jina kapuni. Kapsheni zake nazo hazitajwi, maana wadau wa Insta wakisoma mbili tu wanamjua.

Miezi michache iliyopita jamaa alivuta laptopu mpya. Nyembambaaa. Akatupia picha akiwa mgahawani Masaki, kahawa pembeni, mashine kaishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika karata. Likes zikamiminika. Warembo wakaacha mioyo. Wapiga video wenzake wakaandika "umetuacha mbali kaka", wengine kwa moyo safi, wengine na donge lao kooni.

Ambacho hakikuonekana kwenye picha ni kwamba laptopu yake ya zamani, lile bonge lenye mdomo wa DVD ubavuni, aliiuza wiki hiyo hiyo kwa mwanafunzi ili kuongezea hela ya hii mpya. Hela yote ikaishia kwenye mashine. Ya vifaa haikubaki hata senti. Wahenga walishasema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini wahenga hawana akaunti Insta, nani atawasikiliza?

Wiki tatu baadaye jamaa akapata kazi ya send-off, ukumbi wa Sinza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

ILIVYOKUWA

Alhamisi, shangazi wa bibi harusi alimpelekea jamaa DVD moja ndani ya bahasha ya kaki. Ni video ya harusi ya kaka mkubwa wa binti, ya mwaka 2009. Ndani yake baba mzazi ameshika kipaza sauti anawapa watoto wake nasaha, na kale kabinti kadogo kamesimama kamemshika suruali. Baba akakaangalia, akasema kuwa huyu wa mwisho, Mungu akimjalia uhai, atamtoa kwa mkono wake mwenyewe.

Mungu hakumjalia. Mzee alifariki miaka miwili baada ya harusi ile.

Familia ilitaka kitu kimoja tu. Binti akiwa anatoka kukabidhiwa, ukumbi unyamaze, kipande kile cha dakika mbili kichezwe. Baba aseme. Bibi mzaa baba alisafiri kutoka Muheza kwa ajili hiyo, na aliwaambia wajukuu wake wazi kuwa macho yameshaisha ila masikio bado anayo.

"Mwanangu, hii ndiyo nakala pekee," shangazi alimwambia jamaa.

"Niachie mimi shangazi. Kazi ndogo hiyo."

Jioni jamaa anarudi geto, anafungua begi, anatoa ile DVD, anaigeuza laptopu kulia, anaigeuza kushoto. Hakuna pa kuiweka. Mashine ina matundu mawili ya USB-C na la hedifoni, basi.

Ijumaa akaazima kisoma DVD cha nje kwa mshikaji wake. Waya wake una vichwa viwili vya USB, vile vya zamani vipana. Laptopu haivipokei. Akatoa kile kiboksi cha matundu mengi, wengine wanakiita habu, alichopewa bure dukani, akachomeka kichwa kimoja na kingine akakiacha kinaning'inia. DVD ikazunguka, ikalia "tik, tik", ikapotea kwenye kioo. Ikarudi. Ikapotea tena. Jamaa akaona diski ndiyo chafu, akaitoa na kuifuta kwa fulana yake, kwa kuizungusha kama mtu anayekausha sahani.

Jumamosi asubuhi, mbio mpaka steshenari yenye kompyuta ya mezani ya zamani. Kule ikasoma. Wakamnakilia kwenye flashi yake iliyoandikwa "2TB", aliyoinunua kwa machinga kwa shilingi 25,000. Jina la faili akaliona. Ukubwa akauona. Hakulifungua hata mara moja, muda ulishambana.

Usiku ukumbini, MC amewanyamazisha watu, taa zimepunguzwa, binti kasimama na mama yake. Kwanza projekta ya ukumbi ikakataa waya wa jamaa, fundi wa pale akahangaika mpaka akapata kigeuzi. Picha ya laptopu ikatokea ukutani, watu wote wanaona kishale kinavyohangaika. Jamaa akabonyeza faili. Kompyuta ikamwambia faili halifunguki. Akabonyeza tena. Na tena.

MC akapiga stori mbili za kuchekesha, watu wakacheka kwa adabu. Dakika zikaenda. Mwisho akasema shughuli iendelee.

Bibi akamuuliza mjukuu aliyekaa pembeni yake, "Ameshasema?"

"Bado, bibi."

WATU WAKASEMA KATUPIWA JINI

Kesho yake mitandaoni ikawa balaa. Kipande cha jamaa akitoka jasho mbele ya projekta kilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Nusu ya watu wakasema kakosea kuringa, nusu wakasema wapiga video wenzake wamempiga kipapai kwa wivu. Kuna mmoja akaapa kabisa kwamba laptopu ile ina mkosi.

Hakuna mkosi hapo. Hakuna jini anayejali matundu ya USB. Alichofanya jamaa kinafanywa na nusu ya mastaa wa mji huu, na siku yao bado haijafika tu. Amenunua nusu ya mashine akadhani amenunua nzima.

Hoja yenyewe ni hii: laptopu nyembamba imepunguzwa. Ili iwe nyepesi, vitu vimetolewa ndani yake, na kazi za vitu hivyo hazijafutika duniani. Zimehamishiwa kwenye begi lako. Kama begi ni tupu, kazi hizo hazina mwenyewe. Kwa hiyo vifaa vya laptopu ya namna hii msivichukulie kama mapambo au nyongeza. Ni nusu ya pili ya kompyuta, na vinatakiwa kuchaguliwa kwa umakini ule ule uliotumika kuchagua mashine.

Wenye kampuni wanalijua hilo tangu siku ya kwanza. Januari 2008, San Francisco, Steve Jobs alipanda jukwaani akachomoa MacBook Air ya kwanza kutoka kwenye bahasha ya karatasi. Ukumbi ulipagawa. Mashine ilikuwa na uzito wa kilo 1.36 na bei yake Marekani ilianzia dola 1,799. Ilikuwa na tundu moja tu la USB. Haikuwa na mdomo wa CD wala DVD. Ukitaka kisoma DVD, Apple walikuuzia pembeni kwa dola 99.

Soma tena hapo. Siku ile ile unene unaondolewa, ulikuwa tayari unauzwa kando. Watu wakaikumbuka bahasha, ile dola 99 wakaisahau. Na mpaka leo Bongo watu wanapiga picha na bahasha.

DVD NA NJAA YA UMEME

Kuna watakaosema DVD imeshakufa, nani anaitumia zama hizi za YouTube? Kwa nyimbo mpya na filamu mpya ni kweli. Lakini fungua kabati la sebule yoyote ya Mwananyamala au Mbagala, chini ya vitambaa vya makochi. Harusi za miaka ile zipo kwenye DVD. Vipaimara, maulidi, mahafali, misiba, kaswida, kwaya, vyote viko kwenye visahani vile. Kumbukumbu za familia za kizazi kizima hazijapanda mtandaoni na wenye nazo wanazeeka.

Kwa hiyo mtu anayelipwa kushughulika na shughuli za watu, awe mpiga video, MC au DJ, anahitaji kisoma DVD cha nje. Mwanafunzi, mpaka make-up, muuza nguo za Insta hawakihitaji. Wakipata diski moja kwa mwaka wapeleke steshenari walipe buku mbili tatu, maisha yaendelee. Kununua kifaa usichokihitaji nako ni ugonjwa ule ule, umebadilisha nguo tu.

Sasa kwa nini cha jamaa kilikuwa kinalia "tik, tik"? Njaa. Kisoma DVD kina mota ya kuzungusha diski, na mota inapoanza inavuta umeme mwingi. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatoa miliampia 500, la USB 3.0 linatoa 900. Ndiyo maana visoma DVD vingi vya zamani vina waya wenye vichwa viwili, cha pili kipo kwa ajili ya kuongeza umeme. Jamaa aliacha kichwa cha pili kinaning'inia. Halafu alichomeka kwenye kiboksi kisicho na chaja, ambacho chenyewe kinaomba umeme kwenye tundu moja la laptopu na kuugawa kwa kila kilichochomekwa. Ni sawa na familia ya watu sita kugawana sahani moja ya wali.

Tiba yake ni ya bei ndogo kuliko kahawa za Masaki. Chomeka kisoma DVD moja kwa moja kwenye laptopu kwa adapta ndogo ya USB-C, au tumia kiboksi chenye umeme wake. Na unaponunua, kijaribu pale pale dukani na laptopu yako, na diski uliyokwenda nayo, ikisoma dakika tano bila kukatika. Muuzaji akinuna, duka la pili lipo hatua tatu mbele.

Na DVD haifutwi kwa kuzungusha. Chukua kitambaa laini, futa kwa mistari iliyonyooka kutoka katikati kwenda ukingoni. Mkwaruzo unaofuata mduara ni mbaya zaidi, kwa sababu taarifa zimeandikwa kufuata mduara. Fulana yenye nakshi za plastiki kifuani iache ifanye kazi yake ya kifuani.

FLASHI YA 2TB KWA 25,000: WATU WANAPIGWA KIBLA

Hili ndilo lililomuua jamaa, na ndilo linaloua wengi kimya kimya.

Flashi feki haiko tupu. Ingekuwa tupu ungegundua siku ya kwanza. Ndani yake kuna kumbukumbu ndogo, labda GB 32, na ubongo wake umechezewa uidanganye kompyuta kuwa nafasi ni 2TB. Unaweka faili za kwanza, zinakaa vizuri, unazifungua, unafurahi, unamsifia machinga. Ukishapita ule ukubwa wa kweli, faili mpya hazina pa kukaa. Nyingine zinatupwa, nyingine zinaandikwa juu ya za zamani. Lakini majina yanabaki kwenye orodha, na ukubwa unaonekana. Unaona kaburi lina jina ukadhani mtu yumo.

Jamaa alikuwa ameshajaza shughuli za wiki nzima humo kabla ya siku ile. Sauti ya mzee ilifika nafasi imeshaisha.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Flashi ya ukubwa huo haiwezi kupitishwa dirishani mwa daladala kwa bei ya kuku wa kienyeji. Bei peke yake ni ushahidi. Lakini hata ya dukani, ya kwenye boksi zuri, ijaribu kabla hujaipa kazi. Kuna programu za bure kwa kazi hiyo, H2testw kwa wenye Windows na F3 kwa wenye Mac na Linux. Zinaijaza flashi yote kisha zinasoma kila kitu kuona kama kimerudi kama kilivyokwenda. Inachukua muda, ndiyo. Iache usiku ulale.

Kwa kazi za watu nunua diski ya nje ya SSD yenye ukubwa wa kawaida na unaothibitika. GB 500 za kweli zina thamani kuliko 2TB za uongo. Hakikisha na waya wake ni wa maana, kwa sababu umbo la USB-C halikuambii kasi. Waya mwingi wa chaja za simu unapitisha data kwa kasi ya USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde, wakati USB 3.0 inaanzia gigabiti 5. Tofauti ni zaidi ya mara kumi. GB 100 za harusi kwenye waya wa kuchajia zinaweza kula dakika 40 na zaidi, na wewe unailaumu laptopu.

Ukiiandaa diski mpya, chagua mfumo wa exFAT kama inatembea kati ya Windows na Mac. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na NTFS ya Windows inasomeka kwenye Mac lakini Mac peke yake haiandiki humo. Watu wanafika studio na diski nzima halafu wanaanza kutafutana.

PROJEKTA YA UKUMBI HAIJUI KUWA WEWE NI STAA

Kumbi nyingi bado zina projekta za VGA, lile tundu la bluu lenye vishimo kumi na tano. Laptopu yako ina USB-C. Katikati hapo kuna safari.

Kwanza, si kila tundu la USB-C linatoa picha. Mengine ni ya chaja na data tu, na ukichomeka adapta ya HDMI kioo kitabaki cheusi hata ukilia. Angalia maelezo ya mashine yako kabla hujanunua adapta. Pili, VGA haibebi sauti. Picha itafika ukutani, sauti itabaki kwenye vispika vidogo vya laptopu, na ukumbi wa watu mia tatu hautasikia kitu. Unahitaji waya wa sauti kutoka tundu la hedifoni mpaka kwenye mixa ya DJ.

Fikiria hilo kwa usiku ule wa Sinza. Hata kama faili lingefunguka, jamaa hakuwa na waya wa sauti. Mzee angeonekana ukutani akifungua na kufunga mdomo, na bibi mwenye masikio tu asingepata chochote.

Kwa hiyo begi la mtu wa shughuli liwe na adapta ya USB-C kwenda HDMI, kigeuzi cha HDMI kwenda VGA na waya wa sauti mrefu. Na ukumbi utembelewe kabla ya siku yenyewe, utundike kila kitu, usikie kila kitu. Ukumbini uende na laptopu yenyewe, picha ya projekta uliyotumiwa WhatsApp haitoshi.

VINAVYONUNULIWA BADALA YAKE

Wakati hivyo vya muhimu havipo, angalia kinachopendeza watu. Kuna mrembo mmoja wa matangazo ya nywele, jina kapuni naye, aliyeweka video nzima ya kufungua maboksi. Kava la waridi, stika za waridi, taa ndogo ya waridi, kifuniko cha kamera cha waridi. Kiboksi cha matundu nacho cha waridi, alikinunua kwa rangi. Diski ya kuhifadhia kazi? Hakuna. Picha zake zote za matangazo ya mwaka zipo ndani ya laptopu moja.

Na kile kifuniko cha kamera kina kesi yake. Mwaka 2020 Apple wenyewe walitoa tahadhari kwamba kufunga MacBook ikiwa na kifuniko cha kamera kunaweza kuvunja kioo, kwa sababu nafasi kati ya kioo na kibodi ni finyu mno. Wembamba unaousifia ndio unaokuadhibu. Vivyo hivyo kwa chaja kuwekwa juu ya laptopu ndani ya begi, halafu begi likabanwa mgongoni kwenye bodaboda. Kioo cha mashine nyembamba hakina nyama ya kujilinda. Kava laini lenye sponji, na chaja mfuko wake peke yake. Hilo ndilo pambo la kwanza la kununua, rangi chagua mwenyewe.

DADA MMOJA NA KIMKOBA CHAKE

Ili isionekane kwamba laptopu nyembamba ni dhambi, mtazame dada mmoja DJ anayepiga kitchen party na birthday za watu wazito. Jina kapuni, maana hapendi kiki.

Naye ana mashine nyembamba, tena nyembamba kuliko ya jamaa. Anapanda nayo mwendokasi, mgongo hauumi, anafika ukumbini bado ana nguvu. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya kitu chepesi, na kwa mtoto wa kike anayerudi nyumbani saa nane usiku si faida ndogo. Ila anatembea na kimkoba cha penseli za shule. Ndani kuna adapta mbili, kigeuzi cha VGA, waya wa sauti, kisoma DVD, diski moja ya SSD na kitambaa laini. Kila waya una kipande cha plasta chenye maandishi ya peni: "projekta", "mixa", "chaja".

Watu wanamcheka kuwa ana mambo ya mwalimu wa kemia. Lakini aliponunua laptopu hakumaliza hela. Alianza kwa kuandika kazi zake zote za mwezi kwenye daftari, kila kazi inahitaji tundu gani, ndipo akaenda kuulizia bei. Akakuta mashine aliyoitamani ikiongezwa vifaa inazidi mfuko wake, akashuka daraja moja. Akachukua ya chini yake na kimkoba kikajaa.

Ukiwa na milioni moja na nusu, usinunue laptopu ya milioni moja na nusu. Shuka. Nunua ya chini kidogo na ubaki na ya vifaa. Utapata likes chache zaidi, na hakuna ukumbi utakaokuumbua.

KUMBUKUMBU YA MTU NI AMANA

Watetezi wa jamaa wanasema ni ajali, kila mtu anakosea, na vifaa ni ghali kwa kijana anayejitafuta. Kwenye ughali wana hoja. Vijana wengi wanaanza kwa kuazima, na hakuna aibu kuazima. Jamaa angeweza kumwambia shangazi Alhamisi ile ile, "Shangazi, mashine yangu haisomi DVD, ngoja niipeleke kwa mwenye nayo." Ingemchukua sentensi moja. Lakini mtu aliyepiga picha na laptopu kwa vidole viwili anaona aibu kusema kuna kitu haiwezi. Ule mdomo wa DVD ulikuwa umetoka kwenye mashine, na aibu yake ndiyo iliyoficha kwamba umetoka.

Mtu akikupa nakala pekee ya sauti ya baba yake, amekupa amana. Kabla ya kitu kingine chochote, inakiliwe sehemu tatu, mbili kwenye vifaa tofauti na moja mbali na nyumbani au mtandaoni. Kila nakala ifunguliwe, ichezwe, isikilizwe mpaka mwisho. Kuona jina la faili si kuona faili.

Kuhusu ile DVD, haikufa. Jumatano iliyofuata kaka wa bibi harusi aliipeleka kwa fundi mwingine, mwenye kisoma DVD cha shilingi za kawaida tu kilichochomekwa inavyotakiwa. Pamoja na mikwaruzo ya fulana, ikasoma yote. Mzee yupo, kipaza sauti mkononi, sauti safi.

Lakini bibi alikuwa amesharudi Muheza tangu Jumatatu. Walimtumia kipande kwenye simu ya mjukuu, akasikilizishwa barazani, simu imewekwa sikioni. Inasemekana aliomba kirudiwe mara nne. Binti mwenyewe hakuwepo pembeni yake, alikuwa kwenye maandalizi ya ndoa. Ile ahadi ya kumtoa kwa mkono wake ilikuwa ya usiku mmoja, na usiku huo ulipita na kishale kikihangaika ukutani.

Jamaa ameshafuta picha ya Masaki. Hajafungua komenti tangu hapo.

Haya wadau, begi lako lina nini sasa hivi? Fungua, hesabu, dondosha hapo chini kimoja ulichonacho na kimoja unachokosa. Na kama una DVD ya mzee wako kabatini, wiki hii isiishe hujainakili.